Gavana Yuko Hola, Jaji Yuko Garsen

Ukitoka Malindi, Garsen ni njia panda: njia moja inakwenda Lamu, nyingine inapanda Hola hadi Garissa. Mahakama Kuu iko hapa Garsen. Gavana wa kaunti yetu ya Tana River yuko Hola, mbali huko juu ya mto.

Wanaoitetea Hola kuwa makao makuu husema iko katikati: Bura kaskazini, Garsen kusini. Kwa hoja kama hiyo TANU, chama tawala cha Tanzania, iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na Nigeria ikaichagua Abuja mwaka 1976. Katikati hapana mwenyewe, kwa hiyo ni pa wote.

Hola, lakini, ina mwenyewe, naye ni dola. Mkuu wa wilaya wa kikoloni alikuwa akikaa Kipini, Tana unapoingia baharini. Hola ikapata umaarufu kwa kambi ya mahabusu wa Mau Mau, waliotolewa bara kuja kuchimba mifereji. Tarehe 3 Machi 1959 askari waliwapiga 11 hadi kufa, na serikali ikadai kwanza kwamba ni maji waliyokunywa. Baada ya mauaji hayo mji ukaitwa Galole, ila jina la zamani likarudi. Mpokomo mkulima na Muorma mfugaji hawakuulizwa, si wakati huo wala huu.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti tano zisizo na makao makuu ya maana, pamoja na Lamu, Isiolo, Nyandarua na Tharaka Nithi. Serikali kuu ikakubali kuchangia ujenzi. Sina ugomvi na jengo. Karani naye anahitaji paa. Ugomvi wangu ni kudhani kwamba jengo ndiyo serikali. Agosti 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, huku kwetu delta, katika uhasama wa wakulima na wafugaji juu ya malisho na maji. Mzozo wa malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, unamtaka afisa anayefikika kwa pikipiki kabla jua halijatua. Na mto ukifurika, kama mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara hukatika, hiyo katikati ikabaki kwenye ramani.

Gavana abaki Hola. Afisa wa ardhi mwenye mamlaka ya kuamua na akae Garsen, na bunge la kaunti lije kuketi huku kila mwaka, hasa msimu wa mafuriko. Jaji ameshazoea joto na mbu wetu. Waheshimiwa nao watazoea.