Mtoto wa shule ya mbali naye ahesabiwe

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, miji yetu inajaa poda nyeupe. Waliofaulu wanamwagiwa kichwani, mama wanapiga vigelegele, simu hazinyamazi. Redio zinataja walioshika asilimia za juu, na mara nyingi ni watoto wa shule zilezile za mjini, ambazo majina yake tunayajua tangu zamani. Tunawapongeza, maana walifanya kazi. Lakini furaha ikiisha, swali linabaki: je, wenye akili wanazaliwa tu karibu na barabara ya lami?

Swali hilo si letu peke yetu. Kwa miaka kadhaa sasa limeitikisa shule moja ya Marekani iliyoundwa kwa ajili ya watoto wenye vipaji vikubwa. Tumeifuata habari hiyo kwa uangalifu kwa sababu ina mashauri kwa makanisa yetu ya mashariki, ambayo yanaongoza shule nyingi na yanapenda kusaidia watoto, lakini hayajui kila mara yaanze na nani.

Shule hiyo inaitwa Thomas Jefferson High School for Science and Technology, na wenyeji wanaiita TJ. Iko katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, karibu na mji mkuu Washington. Ilifunguliwa mwaka 1985. Ni shule ya Serikali, wazazi hawalipi minerval, lakini hakuna anayeingia bila kuchaguliwa. Wanafunzi wanatoka pia katika wilaya za jirani, na wengine wanasafiri kwa basi muda mrefu kila asubuhi. Kuna saa zilizotengwa ndani ya juma kwa ajili ya vikundi vyao, na katika mwaka wa mwisho wanafanya utafiti wao wenyewe katika maabara. Mwezi wa kumi na moja 2013 setilaiti ndogo waliyoitengeneza ilirushwa angani, ya kwanza kutengenezwa na wanafunzi wa sekondari. Kwa hiyo mzazi anayetamani mtoto wake aingie pale hatamani kitu kidogo.

Kwa miaka mingi mlango wa shule hiyo ulikuwa mtihani. Mtoto alilipiwa dola 100 za kujiandikisha, kisha akapimwa. Familia zenye uwezo zilitafuta masomo ya ziada ya kulipia, wakati mwingine kwa miaka kadhaa kabla ya siku ya mtihani. Mwaka 2020 walichaguliwa watoto 486. Kati yao weusi walikuwa wachache hata hesabu yao haikuandikwa katika takwimu za wilaya. Watoto wa familia maskini walikuwa chini ya 1 kwa 100. Na wilaya yenyewe ina watu wa kila namna na kila kipato.

Mwishoni mwa mwaka 2020, halmashauri ya shule za wilaya ilibadilisha utaratibu. Mtihani ule uliondolewa, na zile dola 100 pia. Nafasi za mwaka zikaongezwa kufikia 550. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa hili: kila shule ya ngazi ya chini ilipewa nafasi zake, sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane. Hapo mwanzo shule chache zilikuwa zinapeleka watoto wengi, na nyingine hazikupeleka hata mmoja. Sasa kila shule inapeleka walio bora kati ya wale ilio nao.

Matokeo yalionekana mwaka uliofuata. Watoto wa familia maskini walifikia karibu robo ya waliochaguliwa. Weusi walipanda kutoka karibu asilimia 1 mpaka karibu 7. Wenye asili ya Asia, ambao walikuwa karibu asilimia 73, walishuka mpaka karibu 54. Watoto hao wapya hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwepo siku zote, katika shule ambazo hakuna aliyekuwa akizitazama.

Lakini habari haikuishia hapo. Kundi la wazazi, wengi wao wenye asili ya Asia, walienda mahakamani mwaka 2021. Walisema kanuni hiyo mpya ilitungwa ili kupunguza watoto wao. Mwezi wa pili 2022 hakimu mmoja aliwapa haki. Mwezi wa tano 2023 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu hiyo. Mwezi wa pili 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi, na kanuni ikabaki. Mwaka 2025 Serikali ya Washington ikafungua uchunguzi mpya juu ya jambo lilelile. Kwa hiyo ugomvi haujapoa.

Sisi tulio mbali tunaweza kuchagua upande upesi. Tusifanye haraka. Wengi kati ya wazazi wale walihama inchi zao wakiwa na vitu vichache, wakafanya kazi usiku na mchana, wakaamini kwamba kusoma ndiyo njia. Mtoto alijiandaa kwa miaka, kisha kanuni ikabadilishwa. Kilio chao ni cha mzazi, na sisi tunakijua. Ni nani kati yetu hajauza mbuzi ao shamba kwa ajili ya masomo ya mtoto?

Hata hivi, tunaona mambo matatu ambayo ugomvi huo unatufundisha.

La kwanza ni kuhusu mtihani wenyewe. Mtihani mzuri unapima kile mtoto anachojua siku hiyo. Haupimi njia aliyopita ili afike pale. Kwetu mtihani unaulizwa kwa Kifaransa. Mtoto wa Goma ao Bukavu anayesikia Kifaransa nyumbani, mwenye taa usiku na mwalimu anayefika kila siku, anakaa mbele ya karatasi ileile na mtoto wa kijiji cha Masisi, Walikale ao Shabunda, ambaye pengine shule yake ilifungwa miezi mingi kwa sababu ya risasi. Mmoja akipata 72 na mwingine 58, ni nani mwenye akili zaidi? Hatuwezi kujua kwa kutazama hesabu hizo mbili tu. Tukijua kwamba yule wa 58 ndiye wa kwanza katika shule yake yote, tumeanza kujua kitu.

La pili linagusa kidonda chetu. Kanuni ya Fairfax haihesabu kabila wala rangi ya mtoto. Wanaosoma maombi hawaoni hata jina lake. Inahesabu shule alikotoka, na hiyo ni sababu moja iliyofanya isimame mbele ya mahakama ya rufaa. Wazee wetu wanakumbuka enzi za Zaire, nafasi za chuo kikuu zilipogawanywa kwa kufuata jimbo la asili. Nia iliyotajwa ilikuwa usawa, lakini matunda yake yalikuwa uchungu na mashaka kati ya wenyeji na waliotoka mahali pengine. Hapa Kivu na Ituri hatuna haja ya orodha nyingine ya makabila. Orodha za namna hiyo zimetugharimu damu. Lakini orodha ya shule tunaweza kuisoma pamoja bila woga. Ukisema kila shule itoe mtoto wake wa kwanza, umewafikia walio pembeni bila kuuliza mtu babu yake alitoka wapi.

La tatu ni onyo. Kufungua mlango hakutoshi. Mtoto anayetoka katika shule dhaifu na kuingia katika shule ngumu anahitaji msaada, hasa mwaka wa kwanza. Asipoupata, atarudi nyumbani na aibu, na watu watasema: mliona, hakuweza. Tumeona jambo hilo kwetu mara nyingi. Kijana aliyekuwa wa kwanza kule mlimani anashuka mjini, analala kwa ndugu ambaye naye hana chakula, Kifaransa cha mwalimu kinampita, na kufikia Noeli ameacha. Hakukosa akili. Alikosa mtu wa kukaa naye miezi sita ya kwanza.

Kuna inchi nyingine iliyofikiri juu ya jambo hili kwa njia yake. Singapore ilianzisha mwaka 1984 mpango wa kuchagua karibu mtoto 1 kwa 100 akiwa katika mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na kumfundisha katika shule chache maalum. Mwezi wa nane 2024 waziri mkuu Lawrence Wong alitangaza kwamba mpango huo hautaendelea kwa namna ulivyokuwa. Badala yake, kila shule ya msingi itapewa njia za kuwatambua watoto wake wenye vipaji na kuwafundisha palepale. Singapore ni inchi tajiri na ndogo, hatuwezi kuiga yote. Lakini tunaona kwamba Fairfax na Singapore, kwa njia mbili mbalimbali, zimefikia wazo moja: mtoto mwenye kipaji atafutwe ndani ya kila shule, si katika chache zinazojulikana tu.

Sasa turudi kwetu. Tangu mapatano ya 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule za conventionnées protestantes zimeenea katika majimbo yote, na ni maelfu. Ziko hata mahali ambapo gari halifiki. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, na watoto wengi wameingia darasani ambao zamani wangebaki nyumbani. Lakini baada ya darasa la sita, feza zinaanza kuulizwa tena, na hapo ndipo wengi wanapotea, wasichana mbele ya wengine. Na tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, mambo yamezidi kuwa magumu. Mabenki yalifungwa. Kambi zilizokuwa kando ya Goma zilivunjwa, na familia zikarudi katika vijiji ambamo nyumba na shule nyingi zimeharibika. Hakuna takwimu itakayotuambia ni watoto wangapi wenye kipaji waliopita katika njia ile wakibeba magodoro kichwani.

Tunaomba nini, basi? Hatuombi kanisa lijenge shule ya wateule. Feza hazipo, na pengine si hekima. Tunaomba kitu kidogo ambacho parokia moja inaweza kuanza mwaka huu. Kila mkuu wa shule ya msingi anajua mwisho wa mwaka nani amekuwa wa kwanza katika darasa la sita. Atoe majina mawili, la msichana na la mvulana. Majina na alama zao yasomwe mbele ya kanisa na kubandikwa mlangoni, ili kila mzazi aone. Kisha parokia, ao parokia tatu zikiungana, zibebe minerval ya watoto hao katika mwaka wa saba na wa nane, zitafute familia ya kuwapokea wakilazimika kuhama, na zimwombe mwalimu mmoja wa kanisa awasaidie Kifaransa na hesabu Jumamosi.

Tunasema majina yabandikwe mlangoni kwa sababu tunajijua. Misaada ya masomo imepita mikononi mwetu mara nyingi, na si mara chache ilifika kwa mtoto wa mchungaji, wa shemasi, ao wa mpwa wa mwenye kushika sanduku. Kama tutarudia hayo, afadhali tusianze. Watu wa Fairfax walisumbuana mahakamani miaka mitatu, lakini kanuni yao iliandikwa na kila mtu aliweza kuisoma na kuipinga. Kanuni zetu nyingi hazikuandikwa popote, na anayeonewa hana pa kuanzia.

Na walimu tusiwasahau. Mwalimu wa kijijini anayemwona mtoto mwenye kipaji ndiye shahidi wa kwanza. Mara nyingi ndiye wa pekee. Akikaa miezi bila kulipwa, atatafuta kazi nyingine, na pamoja naye macho yale yataondoka.

Tunakumbuka habari ya Samweli katika nyumba ya Yese. Wana saba walipita mbele yake, wazuri wa kutazama, na hakuna aliyechaguliwa. Nabii akauliza kama hao ndio wote. Kumbe kulikuwa na mwingine, mdogo, porini na kondoo, ambaye baba yake mwenyewe hakufikiri kumwita. Samweli hakukubali kuketi mezani mpaka mtoto huyo aletwe.

Wazee wa kanisa, wachungaji, mama wa vikundi: mkutano wenu ujao ukifika kwenye habari za shule, mwulizeni mkuu wa shule kama hao aliowataja ndio wote. Kisha ngojeni jibu lake.