Jina la mtoto lisikatwe na fomu

Mwaka wa shule unapofunguliwa hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, hawakosi watu wa kucheka orodha za wanafunzi: Plamedi, Glody, Asifiwe, Machozi, Dieumerci, na chini yake jina la Kirundi ambalo mwalimu mgeni hulisoma kwa kuvuta pumzi katikati. Kicheko hicho huishia kwenye shauri moja, kwamba wazazi wachague majina mafupi, ya kawaida, yanayoenea kwenye fomu. Shauri hilo limeanzia pabaya. Kwenye ufukwe huu wa kaskazini ya Ziwa Tanganyika jina refu si ulimbukeni. Ni sentensi nzima ambayo mzazi amekusudia kuisema, na kazi ya ofisi ni kuiandika jinsi ilivyosemwa.

Ukivuka Kavimvira kuingia Gatumba, umefika Burundi, nchi ambako kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hata ndugu wa tumbo moja wakaonekana kwenye karatasi kama hawajuani. Hakizimana anatangaza kwamba Mungu ndiye mponyaji. Ndayishimiye, jina la rais wa sasa wa Burundi, ni neno la shukrani. Sylvestre Ntibantunganya alitawala huko kuanzia 1994 hadi 1996 kwa jina la herufi 14, na hatujasikia kwamba barua zake zilipotea njiani. Upande wetu tunafanya yale yale kwa Kiswahili. Mara nyingi Safari ni mtoto aliyezaliwa familia ikiwa njiani, na kwa vita vilivyoipata Uvira na Fizi tangu 1996, wengi wa akina Safari walizaliwa wazazi wakikimbia. Hata majina ya Kifaransa yanayochekwa sana yamefuata mkondo huo. Plamedi ni “Plan merveilleux de Dieu” iliyobanwa ikawa neno moja, na Glody ni “Gloire de Dieu”. Lugha imebadilika, ila mzazi bado anatoa ushuhuda.

Dola letu ndilo la mwisho kustahili kulalamikia urefu. Januari 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, na yeye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, maneno manane. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga siasa hiyo, akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Watu walionyang'anywa prénom, yaani jina la ubatizo, waliziba pengo kwa postnom, jina la asili linalofuata nom, na prénom ziliporudi, postnom haikuondoka. Ndiyo maana leo fomu zinatuuliza majina matatu: nom, postnom, prénom. Amri iliyodai kusafisha majina ndiyo iliyoyarefusha, na anayetaka kuleta amri nyingine, safari hii ya kuyafupisha, aanze kwa kutueleza kwa nini yake itatiiwa kuliko ile.

Watu wa kompyuta watasema mashine ina mipaka. Ni kweli: mistari ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine, inatoa nafasi 39 tu kwa majina yote ya mtu. Lakini mwaka 2013 mwanamke mmoja wa Hawaii, mwenye jina la ukoo la herufi 35, alilalamika kwamba haliingii kwenye leseni yake ya udereva, na jimbo likaongeza nafasi hadi 40. Kilichopanuliwa ni kadi. Kwetu, tena, urefu si chanzo cha taabu. Juma ana herufi nne, na bado anaandikwa Djuma kwenye bulletin ya shule na Juma kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo kitambulisho chetu. Byamungu akigeuzwa Biamungu, atajieleza mpakani, na atajieleza tena mbele ya anayemhoji kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mkanganyiko unatoka kwenye kalamu ya karani, na kufupisha jina hakuiponyi kalamu hiyo.

Pingamizi zito zaidi linahusu majina kama Mateso na Shida: kwa nini mtoto abebeshwe msiba wa wazazi? Swali hilo lina haki yake, na mtoto anayetaniwa shuleni hafarijiki kwa kuelezwa historia. Hata hivyo Kanuni ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 58, inakataza jina la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi, na mama anayemwita mwanawe Machozi baada ya kuzika hamtukani mtu. Mwenyewe akishindwa kulibeba, kifungu cha 64 kinamruhusu kuomba mahakama ya amani imbadilishie kwa sababu ya haki. Kifungu hicho hicho kinakataza kugusa hata tahajia ya jina lililoandikishwa bila idhini ya mahakama, na hapo ndipo wabunge wanapaswa kutazama. Kosa la herufi lililofanywa na karani lingesahihishwa na ofisi ile ile ya état civil, bure, mbele ya mzazi na shahidi mmoja, badala ya kumteremsha mkulima kutoka Lemera akatafute hakimu kwa ajili ya “y” moja.