Samaki wa kontena hana kosa

Juma lililopita redio moja ya hapa Dar es Salaam ilimpa saa nzima mtu anayejiita mtaalamu wa lishe. Akatamka kwamba chakula kilichovuka bahari ndani ya kontena la baridi ni maiti. Hakusema ni kama maiti. Alisema ni maiti, na kinachokizuia kisioze ni dawa ileile wanayochomwa marehemu mochwari. Wasikilizaji wakapiga simu kumshukuru. Mama mmoja alisema tangu aache kula vibua vya barafu magoti yake yamepona. Kisha likaja tangazo la unga wa mlonge, muuzaji akiwa mtaalamu huyohuyo.

Ningemsamehe kama angekuwa peke yake. Lakini imani hii iko kila mahali. Iko sokoni Feri, iko kwenye vikao vya harusi, iko kwa shemeji yangu mwenye shahada mbili. Chakula kikikaa majini wiki nne bila kuoza, basi lazima kuna mchezo. Kuna dawa. Wametufanyia Wachina.

Mchezo ni baridi, jamani. Hakuna mwingine. Samaki huozeshwa na bakteria na vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe, na vyote viwili vinataka joto. Mshushe hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria hawazaliani tena, na vimeng'enya vinafanya kazi kwa kujikokota. Baridi haiongezi kitu ndani ya samaki. Inasimamisha tu. Na huyu mfanyabiashara mnayemtuhumu, amelipia kontena la baridi, amelipia umeme wa melini njia nzima, amelipia plagi bandarini kwa siku, halafu akanunue na dawa ya maiti juu yake? Ni mfanyabiashara gani mnayemjua ninyi anayelipa mara mbili kwa kazi moja?

Wala kusafirisha chakula kwa baridi si jambo la jana. Tarehe 15 Februari 1882 meli ya Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na mizoga karibu 5,000, mingi ikiwa ya kondoo. Ilikuwa meli ya matanga, mashine ya kugandishia ikiendeshwa kwa makaa ya mawe, cheche zikirukia matanga. Walipofika maeneo ya joto hewa baridi ikawa haizunguki sawasawa. Nahodha Whitson akajipenyeza mwenyewe kwenye njia ya hewa akate matundu zaidi, akaganda nusu ya kufa, wakamvuta kwa kamba iliyofungwa miguuni. Wakafika London baada ya siku 98, na mzoga uliotupwa ulikuwa mmoja. Hiyo ni miaka zaidi ya mia moja na arobaini iliyopita, babu yake mtaalamu wetu akiwa bado hajazaliwa, na mlonge ukiwa haujapata msemaji redioni.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Watu hudhani rifa, yaani hilo kontena la baridi, ni friji kubwa tu. Siyo. Rifa imeundwa kutunza baridi iliyokwisha kuwemo, si kugandisha mzigo wa moto. Samaki huganda kiwandani au melini anakovuliwa, ndipo aingie. Hewa baridi hupulizwa chini, kwenye sakafu yenye mifereji, hupanda kuzunguka maboksi na kurudi juu. Mpakiaji akiziba njia hiyo, kona moja itaharibika hata kama kioo cha mashine kinaonyesha 18 chini ya sifuri. Na mashine inaandika. Inaandika joto mfululizo tangu mwanzo wa safari, kiasi kwamba anayefungua mlango Rotterdam au Kurasini anaweza kusoma ni siku gani, saa ngapi, plagi ilichomolewa.

Nionyesheni friza moja ya Manzese yenye kumbukumbu hiyo.

Maana chakula hiki hakiozi baharini. Kinaozea kwetu. Kontena linatoka bandarini juu ya lori lenye jenereta, linafika ghalani, mpaka hapo mzigo ni jiwe. Kisha maboksi yanapakiwa kwenye guta saa sita mchana, turubai juu, dereva akipita kwanza kupata chai. Yanafika dukani yanatoa jasho. Yanaingia kwenye friza iliyojazwa mpaka mfuniko haufungi, na saa nne usiku mwenye duka anaizima ili Luku isiishe. Asubuhi anaiwasha. Vibua wameyeyuka, wameganda, wameyeyuka tena, na wewe ukiumwa tumbo unailaani China. Safari ya wiki nne haikumfanya kitu yule samaki. Aliyemharibu ni kilomita nane za mwisho na mtu anayebana uniti.

Na hizo dawa tunazozisaka kwenye makontena, zikidaiwa kuonekana, huonekana wapi? Mwaka 2019 televisheni moja ya Nairobi ilirusha uchunguzi uliodai kwamba baadhi ya supamaketi zilikuwa zikitia nyama kemikali ili ibaki nyekundu. Nyama ile haikuwa imevuka bahari yoyote. Ilikuwa nyama ya pale pale, nyama "freshi", ile ambayo shemeji yangu huivulia kofia.

Neno hilo freshi nalo linanichosha. Hoteli za Masaki zinakuuzia vipande vya jodari mbichi kwa bei ya kiatu, na mlaji anasifia jinsi alivyo freshi. Jodari wengi wa kuliwa wabichi wanaouzwa Japani, wakiwemo wanaovuliwa Bahari ya Hindi na meli za kigeni, husafirishwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Na Ulaya, sheria inataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza walau saa 24 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kusudi minyoo ife. Barafu ndiyo inayomfanya aliwe mbichi.

Kuna hoja moja husemwa kwa sauti nzito, kama ni ya mwisho: babu zetu hawakula vya barafu. Kweli. Walikula ng'onda na papa mkavu, waliokuja na majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni, chini kwenye ngama, pamoja na mende. Walikula tende zilizokaa baharini wiki nzima nzima, nasi mpaka leo tunafuturu kwa tende za meli na hakuna anayeuliza zimechomwa sindano gani. Bahari haikuwa tatizo wakati ule. Imekuwa tatizo leo kwa sababu kontena limeandikwa Kichina.

Tena angalieni unafiki. Viwanda vya Mwanza vinagandisha minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya kwa meli. Sisi tunabaki na mapanki, na tunajivunia soko. Parachichi za Njombe na Rungwe nazo huenda Ulaya kwa bahari, kwenye nyuzi tano au sita, oksijeni ikipunguzwa ili tunda lipumue polepole lisiive njiani, maana parachichi huiva baada ya kuchumwa. Mwaka 2022 tulitia saini Beijing ili tuwauzie Wachina parachichi. Basi la kwetu likienda kwao ndani ya rifa ni uchumi, lao likija kwetu ndani ya rifa ni maiti?

Na wenye umri wangu wanawakumbuka samaki wa Magufuli. Mwaka 2009, akiwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi, meli ya Tawariq 1 ilikamatwa na mamia ya tani za samaki, jodari wengi. Wakawekwa kwenye ghala la baridi, na baadaye wakagawiwa taasisi za umma bure. Sikumbuki kusikia mtu aliyerudisha sahani.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na chakula cha kontena hutakiwa kukaguliwa kabla ya kuingia nchini. Friza ya mtaani anaikagua nani? Kila friza ya biashara iwekwe kipimajoto mahali mteja anapokiona. Wenye maduka watapiga kelele za gharama, wapige. Hadi siku hiyo, ukienda kununua vibua dai boksi lifunguliwe mbele yako. Ukiona barafu nyekundu imetuama chini, katoni iliyolowa ikakauka, au samaki waliopasuka matumbo, mwachie mwenyewe, na useme kwa sauti foleni nzima isikie.