Tamthilia zimepata lugha, wanyonge wamepotea

KILA msimu wa tamthilia ukianza, watazamaji huahidiwa mapya. Lakini tangu runinga ya Citizen ianze kupeperusha 'Maria' mwaka wa 2019, nyingi zimefuata mkondo ule ule: binti maskini, jumba la kitajiri, penzi linalogombewa. Naam, Kiswahili kimetwaa saa zilizokuwa za tamthilia za Mexico, na hilo ni la kujivunia. Hata hivyo, 'Papa Shirandula', iliyoanza 2007, ilimfanya bawabu kuwa mhusika mkuu, tena bawabu aliyemficha mkewe kazi yake! Tangu Charles Bukeko, aliyeigiza nafasi hiyo, afariki Julai 2020, ni nadra kumwona mlinzi akifanya zaidi ya kumfungulia tajiri lango.