Cheti cha maabara kisiwe kinga ya wazembe

Nitrati ya amonia iliyoua zaidi ya watu 200 mjini Beirut tarehe 4 Agosti 2020 haikuwa kilipuzi. Hivyo ndivyo karatasi zake zilivyosema. Tani 2,750 za kemikali hiyo zilifika bandarini humo Novemba 2013 ndani ya meli ya Rhosus, zikiwa zimepangwa daraja la 5.1 katika mfumo wa Umoja wa Mataifa, yaani kemikali inayochochea moto. Daraja la 1, ambalo ni la vilipuzi, halikuwahusu. Zilikuwa safarini kutoka Georgia kwenda Beira, Msumbiji, na mteja aliyezisubiri huko alikuwa kiwanda cha kutengeneza vilipuzi.

Waliozipanga katika daraja hilo hawakuvunja kanuni yoyote. Kanuni ilivunjwa baadaye, na waliohusika ni wengi. Kati ya karatasi iliyokuwa sahihi siku ya kupakia na mzigo uliochakaa ghalani kwa karibu miaka sita pana pengo ambalo sheria za nchi nyingi hazijaliziba, na Afrika Mashariki haina sababu ya kujiona salama.

Swali la iwapo kemikali ni kilipuzi hujibiwa kwa majaribio. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa unaeleza kila hatua. Sampuli hujazwa katika bomba la chuma lenye urefu wa sentimita 40 na upana usiofika sentimita 5. Upande mmoja huwekwa kilipuzi cha kuiamsha, upande wa pili bamba la chuma. Mtambo ukishalipuliwa, mafundi hukusanya vipande: bomba likiwa limesambaratika urefu wake wote, au bamba limetobolewa, jibu ni kwamba sampuli inalipuka. Jaribio hurudiwa kwa kuweka plastiki ngumu ya sentimita 5 kati ya sampuli na kilipuzi, ili kujua kama ni nzito kuamka kiasi cha kuachwa nje ya daraja la kwanza. Sampuli nyingine hupashwa moto katika chombo chenye tundu dogo. Nyingine hugongwa, nyingine husuguliwa.

Ni kazi ya kisayansi iliyofanywa kwa uangalifu, na gazeti hili halina ugomvi nayo. Ugomvi uko kwa wanaolisoma jibu la maabara kana kwamba linahusu kila gunia lililobandikwa lebo ileile. Sampuli inayoingia kwenye bomba ni kavu, safi na mpya. Tena ni kidogo, na udogo huo una maana yake. Kemikali isiyolipuka kwa urahisi huhitaji nafasi ili mlipuko uendelee kusafiri ndani yake. Katika bomba jembamba unaweza kuzimika, lakini katika lundo la maelfu ya tani nafasi ipo tele.

Umoja wa Ulaya ulilitambua hilo zamani. Mbolea ya nitrati ya amonia yenye nitrojeni inayozidi asilimia 28 haiuzwi huko mpaka ipite jaribio lake maalumu, katika bomba la mita moja lenye upana wa zaidi ya sentimita 10, lililolazwa juu ya vipande sita vya risasi. Ili mbolea ipite, lazima angalau kipande kimoja kiwe kimebonyea kwa chini ya asilimia 5. Zaidi ya hapo, kabla ya kujazwa kwenye bomba, sampuli hupitishwa mara tano kati ya nyuzi joto 25 na 50, kwa sababu kemikali hii hubadili muundo wa fuwele zake inapovuka nyuzi 32. Kila inapovuka kwenda na kurudi, chembe huvimba, hupasuka na mwisho huwa unga. Unga huo una tabia tofauti na chembe ngumu zilizotoka kiwandani.

Nyuzi 32 ni joto la kawaida Dar es Salaam na Mombasa, na ndani ya kontena la chuma lililoachwa juani joto hupanda juu zaidi. Kile ambacho Ulaya hukifanya kwa makusudi mara tano, uwanja wa makontena katika pwani yetu unaweza kukifanya kila siku ya Mungu bila mtu kuandika popote.

Madhara ya kuliamini jibu la zamani yanajulikana tangu karne iliyopita. Kiwanda cha BASF cha Oppau, Ujerumani, kilikuwa na vipimo vilivyoonyesha kuwa mchanganyiko wake wa salfati na nitrati ya amonia haulipuki. Kwa kuwa ulikuwa ukigandamana kama jiwe, wafanyakazi waliuvunja kwa baruti, na walifanya hivyo maelfu kwa maelfu ya mara bila madhara. Kisha njia ya kuukausha ikabadilishwa, mbolea ikatoka ikiwa na unyevu mdogo zaidi, lakini dhamana ya vipimo vya awali ikaendelea kutumika. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1921 baruti ziliwekwa kama kawaida katika lundo la tani 4,500. Sehemu iliyolipuka inakadiriwa kuwa moja ya kumi tu ya lundo hilo, na ilitosha kuua watu zaidi ya 500 na kubomoa sehemu kubwa ya mji.

Miaka 80 baadaye, tarehe ileile ya mwezi uleule, ikawa zamu ya Toulouse, Ufaransa. Kilicholipuka katika kiwanda cha AZF hakikuwa bidhaa iliyotayarishwa kwa soko. Zilikuwa takriban tani 300 za nitrati isiyofikia viwango, lundo ambalo kila kiwanda huwa nalo na hakuna anayependa kulizungumzia. Mahakama zilikubali kwamba takataka zenye kemikali ya klorini zilichanganyika nayo. Watu 31 walikufa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Paris iliitia hatiani kampuni iliyomiliki kiwanda hicho pamoja na mkurugenzi wa kiwanda, na mwaka 2019 hukumu hiyo ikathibitishwa. Ilichukua miaka 18, lakini hukumu ilipatikana.

Beirut haijafika hapo. Ni vyema kukumbuka kwamba hata kipimo hakikukosekana. Mwaka 2015 sampuli ya shehena ile ilichukuliwa na kuonekana ina nitrojeni ya asilimia 34.7, karibu na kiwango cha juu kabisa ambacho nitrati ya amonia inaweza kuwa nacho. Mifuko mingi ilikuwa imechanika. Maofisa wa forodha walimwandikia jaji mara sita kati ya 2014 na 2017 wakitaka mzigo uondolewe. Julai 2020 taarifa ya usalama ilimfikia rais na waziri mkuu. Kila ofisi ilikuwa na nakala, kila ofisi ilikuwa na muhuri, na mzigo ulibaki katika ghala namba 12 pamoja na fataki.

Yaliyofuata ni aibu ya pili. Jaji wa kwanza wa uchunguzi aliondolewa. Wa pili, Tarek Bitar, alizuiwa kwa kesi juu ya kesi zilizofunguliwa na wanasiasa aliotaka kuwahoji, na aliporejea kazini Januari 2023 na kumshtaki mwendesha mashtaka mkuu, huyo naye akamshtaki yeye na kuamuru mahabusu wote wa shauri hilo waachiwe. Miaka mitano ilitimia Agosti 2025 bila afisa hata mmoja kuhukumiwa. Uamuzi wa maana ulitoka nje: Februari 2023 Mahakama Kuu ya London iliona kuwa kampuni ya Savaro, iliyoandikishwa Uingereza na kuhusishwa na umiliki wa shehena hiyo, inapaswa kuwajibika kwa waathirika. Nchi iliyozika watu wake ilishindwa kufanya lile ambalo mahakama ya madai ya nchi nyingine iliweza kulifanya.

Wapo watakaosema dawa ni kuihamishia nitrati yote ya amonia katika daraja la vilipuzi. Hilo ni kosa. Mkulima wa Kitale au Njombe anayenunua mfuko wa CAN kwa ajili ya kukuzia mahindi hana sababu ya hofu: mbolea hiyo ina nitrojeni ya asilimia 26 au 27 na imechanganywa na chokaa kwa makusudi. Ukiiweka kapu moja na baruti, utapandisha bei, utaua biashara ya maduka ya vijijini, na lebo ya hatari itazoeleka hadi isimtishe mtu yeyote. Viwanda vinavyopinga hatua hiyo viko sahihi kwa kiasi hicho, na kwa kiasi hicho tu.

Tatizo letu ni shehena nzito, ile yenye nitrojeni nyingi inayotumika migodini na inayopita bandarini. Migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa na ile ya shaba ya Zambia na Katanga haiwezi kuendeshwa bila vilipuzi vinavyotokana nayo. Tanzania inasimamia mbolea kupitia mamlaka ya udhibiti wa mbolea (TFRA), kemikali za viwandani kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, na vilipuzi kupitia wizara ya madini. Kenya nayo imegawa kazi hiyo katika ofisi mbalimbali. Mgawanyo huo unafaa wakati kila mzigo umetulia katika daraja lake. Mamlaka hizo zinapaswa kujibu hadharani swali moja: shehena iliyoingia kama kemikali ya kawaida, ikanyeshewa, ikachanika, mwenyewe akaitelekeza, ikaingia mwaka wa pili ghalani, iko mikononi mwa nani? Ikiwa jibu linahitaji kikao cha wizara tatu, basi haiko mikononi mwa mtu.

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ugeuzwe. Nitrati ya amonia yenye nitrojeni inayozidi asilimia 28 ihesabiwe kuwa si kilipuzi kwa muda maalumu tu, ikiwa katika mifuko yake mizima na mahali ilipoidhinishwa. Muda huo ukipita, au mifuko ikichanika, au kitu kingine kikamwagika humo, iwe ni mafuta, makaa, klorini au vumbi la nafaka, ihesabiwe kuwa kilipuzi mpaka maabara iseme vinginevyo kwa sampuli iliyochukuliwa kwenye lundo hilohilo. Mabaki yanayofagiliwa sakafuni yaingie katika kundi hilo tangu siku ya kwanza. Gharama ya kipimo ibebwe na mwenye mzigo. Akiwa ametoroka, serikali ilipe kwanza na kudai baadaye, kwa sababu kusubiri mlipaji ndiko kulikoifikisha Beirut ilipofika.

Miezi sita inatosha kuwa kikomo kwa mzigo uliozuiwa bandarini. Baada ya hapo uuzwe, urudishwe au uharibiwe, na uamuzi huo utiwe saini na afisa anayetajwa kwa jina na cheo. Muhuri wa ofisi usiokuwa na jina hauwezi kuitwa mahakamani. Anayepokea barua ya onyo naye awekewe siku za kujibu, na ukimya wake uwe kosa la jinai linalojitegemea, hata kama hakuna kilicholipuka.

Liko jambo jingine ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Aprili 2013 ghala la mbolea liliwaka moto katika mji wa West, Texas, na kikosi cha uokoaji, wengi wao watu wa kujitolea, kikaenda kuuzima. Nitrati iliyokuwa ndani ililipuka. Kati ya watu 15 waliokufa, 12 walikuwa waokoaji. Mamlaka za bandari na wasimamizi wa kemikali wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanajua, au wanapaswa kujua, ni ghala lipi lina nini na kwa uzito gani. Orodha hiyo, yenye tarehe ya kipimo cha mwisho cha kila lundo, iwe mezani kwa kamanda wa zimamoto wa kila mji kabla shehena inayofuata haijashushwa gatini.