Vwawa: Dawa ya usingizi na hatari ya kuiacha ghafla

Mkazi wa Vwawa, mkoani Songwe, aliyeandikiwa diazepamu baada ya kukosa usingizi kwa muda mrefu, hulala. Matatizo huanza asubuhi. Dawa hiyo huchukua takriban siku moja hadi mbili kupungua kwa nusu mwilini, hivyo mtumiaji huweza kuamka mzito, miguu ikiyumba, ilhali barabara kuu iendayo Tunduma imejaa malori.

Anayeona imemdhuru akaiacha ghafla, baada ya kuitumia kwa wiki kadhaa, hujiingiza katika hatari kubwa zaidi: usingizi hupotea upya, na wengine hupatwa na degedege. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari. Hapo ndipo penye ugumu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, takriban kilomita 70, na kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi, safari za kurudiarudia ni gharama kuliko vidonge vyenyewe.