Mtoto Asiye na Kosa Anapowafundisha Wafungwa



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengi hamkulitazamia katika ukurasa huu. Ni habari za mtoto wa kike wa Kiyahudi aliyekufa mwaka 1945, na jinsi habari zake zilivyopelekwa magerezani kwa watu waliofungwa kwa wizi, kwa kupigana na hata kwa kuua, ili wajifunze kuacha chuki na ubaguzi. Tumezileta kwenu kwa sababu wengi wetu tumo katika vikundi vya kutembelea wafungwa. Tena, chuki ambayo mtu anafundishwa kuiacha akiwa gerezani, mara nyingi alianza kuisikia nyumbani, wakati sahani zikiwa bado mezani.

Mtoto huyu ni nani?

Anne Frank alizaliwa tarehe 12 Juni 1929 mjini Frankfurt, Ujerumani. Baba yake aliitwa Otto, mama yake Edith, na dada yake Margot. Mwaka 1933 chama cha Wanazi, kikiongozwa na Adolf Hitler, kilishika serikali na kuanza kuwatesa Wayahudi. Familia ya Frank ikahamia Amsterdam, Uholanzi, wakidhani wamepona. Lakini Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaiteka Uholanzi pia.

Huko nako makatazo yakaja moja baada ya jingine. Myahudi asipande tramu. Asimiliki baiskeli. Watoto wa Kiyahudi wasisome na wenzao. Mwaka 1942 kila Myahudi kuanzia umri wa miaka 6 akalazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo yake. Hebu fikiria, mama mwenzetu, unachukua sindano na uzi na kumshonea mwanao alama ya kudharauliwa kabla hajatoka nje.

Tarehe 12 Juni 1942, siku Anne alipotimiza miaka 13, alizawadiwa daftari la kuandikia mambo yake ya kila siku. Chini ya mwezi mmoja baadaye familia ikajificha katika vyumba vya nyuma vya jengo la biashara ya baba yake. Walikaa humo watu wanane kwa zaidi ya miaka miwili, bila kutoka nje, mchana wakinyata wasisikike na wafanyakazi wa chini. Wafanyakazi wanne wa ofisi ya Otto ndio waliowaletea chakula kwa siri, wawili kati yao wakiwa wanawake, Miep Gies na Bep Voskuijl.

Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa. Edith alifia katika kambi ya Auschwitz Januari 1945. Margot na Anne walifia katika kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka huo, inaaminika kwa taifasi, ile homa inayoenezwa na chawa penye msongamano na uchafu. Anne alikuwa na miaka 15. Kati ya wale wanane alirudi Otto peke yake. Miep Gies alikuwa ameyaokota maandishi ya Anne na kuyatunza, akamkabidhi baba mtu, nayo yakachapwa kuwa kitabu mwaka 1947. Wayahudi waliouawa na Wanazi na wasaidizi wao ni kama milioni 6, na katika hao watoto ni kama milioni moja na nusu.

Maonyesho yanapoingia gerezani

Huko Uingereza, shirika la hisani lenye jina la Anne Frank, lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, liliandaa maonyesho ya mabango yenye picha na maelezo ya maisha ya familia hii. Yalizungushwa mashuleni na makanisani, na baadaye yakapelekwa pia katika magereza mengi. Husimamishwa mahali wafungwa wanapoweza kukusanyika, kama vile kanisa la gereza au maktaba.

Jambo kubwa katika kazi hii ni kwamba anayeeleza mabango siyo mgeni kutoka nje. Wafungwa wachache hufundishwa kwanza. Hujifunza habari zenyewe, hujifunza kusimama mbele za watu na kujibu maswali, kisha wao ndio huwatembeza wafungwa wenzao, askari magereza na wageni. Mtu ambaye pengine shuleni aliambiwa hana akili, leo anaulizwa swali na askari, naye analijibu. Aliyezoea kuogopwa anasikilizwa. Tena, akina mama, mfungwa hulipokea neno la mfungwa mwenzake kwa namna ambayo halipokei la kwetu sisi tunaofika na Biblia na sabuni mchana na kurudi nyumbani jioni.

Gereza ni mahali pazuri pa kufundishia somo hili kwa sababu chuki huota humo upesi. Watu wa rangi, makabila na dini mbalimbali wanabanwa pamoja, kila mmoja na hofu yake, na makundi huundwa kwa ajili ya kujilinda. Mtu anaweza kuingia akiwa na hasira ya mtu mmoja, akatoka akiwa na hasira ya taifa zima.

Kitabu cha Anne kilikwisha kuingia gerezani zamani, hata kabla ya mabango hayo. Agosti 1994 Mzee Nelson Mandela, akiwa Rais wa Afrika Kusini kwa miezi michache tu, alifungua maonyesho ya Anne Frank mjini Johannesburg. Alieleza kwamba baadhi yao walikisoma kitabu hicho walipokuwa wafungwa katika Kisiwa cha Robben, na kwamba kiliwatia moyo sana. Mzee Mandela alifungwa miaka 27, na 18 kati ya hiyo aliimaliza kisiwani humo. Watu waliofungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi walipata nguvu kwa binti aliyeuawa na ubaguzi mwingine.

Tusichanganye mambo

Hapa ipo hatari ambayo wanaofanya kazi hii hawana budi kuitazama. Mfungwa akiona picha ya vile vyumba vya kujificha, anaweza kusema, "Huyu ni kama mimi, naye alifungiwa." Katika upweke na katika kuhesabu siku, ni kweli wanafanana, na hapo moyo wake unaweza kufunguka. Lakini wengi waliomo gerezani wako huko kwa ajili ya jambo walilotenda, na yuko mtu nje aliyeumizwa. Anne hakutenda lolote. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa. Hata baada ya kukamatwa, yeye na wenzake waliwekwa katika mabanda ya adhabu ya kambi ya Westerbork kwa sababu walijificha, yaani kutaka kuishi kulihesabiwa kuwa uhalifu.

Mfungwa akiielewa tofauti hiyo, amejifunza mambo mawili. La kwanza, tendo lake ni lake, wala asilifiche nyuma ya mateso ya mtoto asiye na hatia. La pili, hakuna mtu anayepaswa kuchukiwa kwa jinsi alivyozaliwa, iwe ni yule wa chumba cha pili au ni yeye mwenyewe.

Walioumia hawakunyamaza

Eva Schloss alizaliwa Vienna mwaka 1929 na kuishi jirani na akina Anne huko Amsterdam. Alikamatwa siku alipotimiza miaka 15, akapelekwa Auschwitz. Yeye na mama yake walipona, lakini baba yake na kaka yake walikufa. Mwaka 1953 mama yake aliolewa na Otto Frank, wote wawili wakiwa wajane. Eva alikaa kama miaka 40 bila kusimulia yaliyompata, mpaka mwaka 1986 alipoombwa aseme neno maonyesho ya Anne Frank yalipofunguliwa London. Tangu hapo alisema katika shule nyingi, na magerezani pia.

Sisi wa makanisani tunamjua pia Corrie ten Boom, mwanamke Mkristo wa Haarlem, Uholanzi, ambaye familia yake iliwaficha Wayahudi nyumbani kwao. Walikamatwa Februari 1944. Baba yao mzee wa miaka 84 alikufa baada ya siku kumi, na dada yake Betsie alifia katika kambi ya Ravensbrück Desemba ya mwaka huo. Corrie aliachiwa, akazunguka nchi nyingi, Afrika ikiwamo, akihubiri msamaha hata ndani ya magereza. Hakuwaambia wafungwa kwamba uovu ni kitu kidogo. Aliwaambia kwamba neema ni kubwa kuliko uovu, naye alikuwa na haki ya kulisema hilo.

Hata hivyo tusijisifu mno. Akina ten Boom walikuwa Wakristo, lakini wengi waliotazama kimya, na wengi waliotenda, nao walikuwa wamebatizwa. Kwa karne nyingi yalihubiriwa makanisani maneno ya kuwadharau Wayahudi. Nasi tuliosomea uuguzi hatuna pa kujificha. Katika mpango ulioanza mwaka 1939, madaktari na wauguzi wa Ujerumani walishiriki kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, watoto kwa wakubwa. Kufikia Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi, na jamaa zao wakaandikiwa barua za uongo juu ya sababu ya kifo. Vazi jeupe halikuwazuia.

Chuki huanza na jina

Mauaji hayo hayakuanza na kambi, bali na maneno. Mwaka 1940 Wanazi walitoa filamu iliyowafananisha Wayahudi na panya. Kwa jirani zetu wa Rwanda, Watutsi waliitwa mende redioni kabla na wakati wa mauaji ya mwaka 1994, ambapo watu zaidi ya 800,000 waliuawa kwa siku kama 100. Mtu akikwisha kuitwa mdudu, anayemkanyaga hasikii tena kuwa ameua.

Basi tujiulize: nyumbani kwetu nani anaitwa nini? "Watu wa kabila lile ni wachawi." "Wa dini ile usiwaamini." "Usicheze na yule, baba yake yuko jela." Hili la mwisho limetugusa sana tulipokuwa tunaandika. Mtoto wa mfungwa hakuiba. Mkewe hakuua. Lakini tunamwona mama huyo akikaa mwisho wa kanisa, na benchi lake limebaki wazi pande zote mbili. Tunamhukumu mtoto kwa sababu ya tumbo alilotoka na jina analoitwa. Ndilo kosa lile lile ambalo wafungwa wanafundishwa kuliacha, nasi tulio huru tunalitenda Jumapili tukiwa na vitenge vyetu vizuri.

Tufanye nini?

Kwanza, tusikilize midomo yetu mbele ya watoto. Mtoto akija na jina la dharau, asichapwe kabla ya kuulizwa amelitoa wapi. Huenda jibu likatuaibisha sisi wenyewe.

Pili, watoto wakifikia umri wa kuelewa, tuseme miaka 11 au 12, tuwasimulie habari za Anne. Tusiwatishe kwa picha za maiti. Tuanze na msichana mwenye daftari, aliyegombana na mama yake na kutamani kuwa mwandishi, kama mabinti zetu.

Tatu, vikundi vyetu vya magereza viendelee na maombi na sabuni, lakini visiishie hapo. Kwa ruhusa ya mkuu wa gereza tunaweza kupeleka vitabu, kuanzisha kikundi cha kusoma, na kumwachia mfungwa mmoja kazi ya kuwaongoza wenzake. Tukubali kukaa chini na kumsikiliza yeye akifundisha.

Nne, tumtembelee mke wa mfungwa na mama wa mfungwa. Tusiende kuuliza kesi imefika wapi. Twende na unga, tusuke nywele za watoto, tumwalike katika umoja wetu, na siku ya ibada tukae kwenye lile benchi lake.

Tano, mfungwa akimaliza kifungo na kurudi, tumwite kwa jina lake. Alihukumiwa na mahakama, adhabu ameimaliza. Kijiji kisimpe adhabu ya pili isiyo na mwisho.

Katika Mathayo 25 Bwana wetu amejihesabu mwenyewe pamoja na waliomo kifungoni. Hakutuambia tuulize kwanza kama wanastahili. Ametutuma kwao, na tusimpite mtoto wao anayetungojea hapa mtaani.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.